Kikorea kwa anayefikiri kwa Kiswahili: pa kuanzia na pa kuruka

Vitabu vingi vya Kikorea vinavyotufikia vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Mtu huyo anashangaa kwa nini kitenzi kimefungwa viambishi kama treni na mabehewa yake, kwa nini mzee hasemeshwi kama mtoto, kwa nini mama mdogo na shangazi wana majina tofauti. Mwandishi anamtulizia kurasa kumi. Nami, kwa mwaka mzima, nilizisoma kurasa hizo kwa bidii, nikitafsiri Kikorea kwenda Kiingereza na Kiingereza kwenda Kiswahili, mpaka siku moja nikajiuliza: mbona haya yote tunayo nyumbani?

Mwongozo huu unakata njia hiyo ya kuzunguka. Unahitaji daftari, simu na nusu saa kila siku. Nusu saa kila siku inazidi saa nne za Jumamosi. Lugha hailimwi kwa msimu.

Hatua ya 1: Maliza Hangul kwanza, wiki moja tu

Usijifunze Kikorea kwa herufi za Kilatini hata siku moja. Mfalme Sejong alikamilisha mwandiko wa Hangul mwaka 1443 na kuutangaza 1446, akilenga watu wa kawaida ambao herufi za Kichina ziliwashinda. Waraka wa wakati huo ulidai kwamba mwenye akili ataumaliza kabla ya asubuhi kwisha, na mjinga kwa siku kumi. Mimi nilitumia siku saba. Nijipangie mwenyewe pa kukaa.

Konsonanti za msingi ni 14 na irabu za msingi 10. Ukiongeza zilizorudufishwa na zilizounganishwa, zinafika 40. Usizikariri kama orodha, angalia maumbo yake. ㅁ (m) ni mdomo. ㅅ (s) ni jino. ㄴ (n) ni ulimi ulioinua ncha. Ukiongeza mstari, pumzi inaongezeka: ㄱ (g/k) inakuwa ㅋ (kh), ㄷ (d/t) inakuwa ㅌ (th, yaani t yenye pumzi, si th ya «thelathini»). Irabu ni mstari mrefu wenye kijiti: ㅏ a, ㅗ o, ㅜ u, na ㅣ i isiyo na kijiti. Vijiti vikiwa viwili unaongeza y: ㅑ ya, ㅛ yo, ㅠ yu.

Herufi haziandikwi kwa foleni, zinajengwa kwa silabi ndani ya kisanduku: ㅎ, ㅏ na ㄴ zinakuwa 한. Mswahili hapa anateleza tu, kwa sababu maneno yetu yamejengwa kwa silabi tangu darasa la kwanza: ba, be, bi, bo, bu. Zoezi la siku ya pili ni kuandika unachokijua: 마마, 바바, 사파리, 주마, 아샤. Utagundua kwamba f, v na z hazipo. Fatuma atakuwa 파투마, Zawadi atakuwa 자와디, na nchi yetu yenyewe ni 탄자니아. Jirani ni 케냐.

Siku hiyohiyo weka kibodi ya Kikorea kwenye simu. Konsonanti ziko kushoto, irabu kulia, na vidole vinazoea haraka kuliko macho.

Hatua ya 2: Sauti tano zitakazokusumbua, na moja uliyopewa bure

Ya bure ni ㅇ mwishoni mwa silabi: ni ng' ya ng'ombe. 강 (mto) unatamka kang', 방 (chumba) ni pang'. Wageni wengine wanahangaika. Wewe umeitamka tangu ulipowahi kuona ng'ombe. Ikiwa mwanzoni mwa silabi, herufi hiyohiyo ni bubu, inashikilia nafasi tu.

Sasa kazi. Irabu ㅓ ni o isiyobinywa midomo: fungua kinywa kama unataka kusema a, kisha sema o. Irabu ㅡ ni u huku midomo imetanuka kama unatabasamu kwenye picha. Ndiyo, utaonekana kichekesho. Fanya hivyo ukiwa peke yako chumbani.

Kisha konsonanti za ngazi tatu. 불 ni moto, 풀 ni nyasi, 뿔 ni pembe. Ya kwanza ni laini, ya pili inatoka na pumzi, ya tatu imebanwa kooni bila pumzi kabisa. Aliyekulia Mombasa ana msaada: katika Kimvita, paa la nyumba halina pumzi, lakini p'aa wa porini anayo, kaa la moto halina, k'aa wa baharini anayo. Ndiyo tofauti kati ya ㅃ na ㅍ, kwa kukaribia sana. Wa bara, shika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo. Kwa 풀 karatasi ipepee, kwa 뿔 isitikisike.

La tano ndilo linalotusaliti wote: silabi kuishia na konsonanti. Maneno yetu yanapenda kuishia na irabu, basi 밥 (wali) linatutoka «babu» na 책 (kitabu) linatutoka «cheku». Funga midomo kwenye b na uiache hapo, usiiachilie. Kama umemtaja babu, rudia.

Kwa ㄹ usihangaike sana. Kati ya irabu inafanana na r, mwishoni inafanana na l: 사람 (mtu) ni saram, 물 (maji) ni mul. Wale mnaochekwa kwa kuchanganya kula na kura, hapa mmefika nyumbani.

Kuanzia hapa siandiki tena matamshi kwa Kilatini. Ukikwama, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 3: Salamu na vyeo vya familia, kabla ya sarufi

Neno 안녕 maana yake ni amani, usalama. 안녕하세요 basi ni «salama?» yetu. Kuagana kuna namna mbili: anayeondoka anaambiwa 안녕히 가세요, nenda salama; anayebaki anaambiwa 안녕히 계세요, baki salama. 감사합니다 ni asante ya heshima, na herufi ㅂ ndani yake inasomwa ㅁ kwa sababu imekaa jirani na ㄴ. Usikasirike, ulimi wetu nao ni ndimi zikiwa nyingi, na urefu ukikutana na nyumba inakuwa ndefu.

Halafu kuna 수고하셨습니다, ambalo vitabu vya Kiingereza vinaliandikia aya nzima. Ni «pole na kazi». Basi. Mwenzako anapomaliza zamu unalisema, ila kwa mkubwa wako kazini wengi huona halipendezi. Kwake 감사합니다 inatosha.

Vyeo vya familia ndipo mahali nilipocheka kwa furaha. 큰아버지 ni baba mkubwa, neno kwa neno. 작은아버지 ni baba mdogo, neno kwa neno. 이모 ni dada wa mama, 고모 ni shangazi, 외삼촌 ni mjomba. 동생 ni mdogo wangu, awe wa kike au wa kiume. Na kama kwetu, vyeo hivi vinatoka nje ya familia: mama anayekuuzia chakula mgahawani anaitwa 이모, na mwenye duka ni 사장님, kama sisi tunavyoita kila mtu «bosi».

Kigumu ni kaka na dada wakubwa, kwa sababu jina linategemea anayeita. Mwanamke humwita kaka yake 오빠 na dada yake 언니; mwanamume huwaita 형 na 누나. Wazee wetu walikuwa na neno umbu kwa ndugu wa jinsia nyingine, kwa hiyo wazo si geni. Vijana wa kiume waliojifunzia kwenye tamthilia wanamwita rafiki yao 오빠 na mezani panakuwa na kicheko. Tamthilia hizohizo zitakufundisha 너 (wewe) na 야 (we!). Ziache hukohuko, ni za watoto, marafiki wa rika moja na ugomvi.

Umri una uzito. Kwetu shikamoo humwendea aliyekuzidi kwa kiasi kinachoonekana. Korea mwaka mmoja unatosha kubadilisha kitenzi. Ndiyo maana watu wanakuuliza umri mapema, wanatafuta namna ya kukusemesha. Mwanzoni tumia mwisho wa -요 kwa kila mtu. Hutamkosea yeyote.

Hatua ya 4: Geuza sentensi

Kitenzi hukaa mwisho, daima.

아샤가 시장에서 바나나를 사요.
Asha, sokoni, ndizi, ananunua.

Vile vipande vidogo vilivyobandikwa nyuma ya majina ni vihusishi, na wazo lake unalo. Sisi tunasema soko-ni, nyumba-ni, mji-ni. Wakorea wanasema 시장에, 집에. Tofauti ni kwamba -ni yetu ni moja kwa yote, wao wameigawa: 에 ni pa kuwepo au pa kwenda (집에 있어요, niko nyumbani, 집에 가요, naenda nyumbani), na 에서 ni pa kufanyia jambo au pa kutokea (집에서 먹어요, nakula nyumbani). 을/를 inamwonyesha anayetendwa.

Watu wanalia juu ya 은/는 na 이/가. Jaribu hivi. Mtu akiuliza nani amekuja, 누가 왔어요?, unajibu 주마가 왔어요: aliyekuja ni Juma, ndiye. Lakini ukisema 주마는 왔어요, unasema: Juma, yeye amekuja, hao wengine sijui. 가 ni ya «ndiye», 는 ni ya «ama huyu, yeye…». Si kanuni kamili, lakini itakuvusha miezi sita ya kwanza bila kuzama.

Kinachozungusha kichwa ni sifa kutangulia jina. Sisi tunasema «kitabu cha mwalimu wa shule», wao 학교 선생님의 책: shule, mwalimu, kitabu. «Kitabu nilichonunua jana» ni 어제 산 책. Isome sentensi ya Kiswahili kuanzia mwisho na mara nyingi utakuwa na ya Kikorea.

Hatua ya 5: Kitenzi

Hapa kaa. Ukiwa na kitenzi, una lugha.

Kitenzi kwenye kamusi kinaishia na 다. Itoe, unabaki na shina: 먹-, 가-, 보-. Kisha unaongeza 아요 au 어요, na kinachoamua ni irabu ya mwisho ya shina. Ikiwa ㅏ au ㅗ, ni 아요: 앉아요, anakaa. Nyingine zote ni 어요: 먹어요, anakula. Wenzetu wa Kiingereza hulikariri hili kama kanuni ya ajabu. Wewe husemi «someka» hapa na «pikeka» pale. Unasema somea lakini pikia, chezea lakini katia, na hakuna aliyekufundisha. Irabu ya shina inachagua mwenzake. Ni mchezo uleule. Mashina yanayoishia na irabu huungana: 가요, 봐요, 마셔요. Na 하다, kufanya, ni 해요.

Wakati uliopita: 앉았어요, 먹었어요, 했어요. Ujao: 먹을 거예요. Kukanusha: weka 안 mbele, 안 먹어요, sili, au 못, 못 먹어요, siwezi kula. Kutaka: 먹고 싶어요.

Hakuna ni-, u-, a-, tu-. 먹었어요 inaweza kuwa nilikula, ulikula au walikula. Mwanzoni utajisikia umetoka nje bila shati. Wakorea wanajua kwa muktadha, na baada ya muda nawe utajua. Zuri ni kwamba ngeli nazo hazipo: hakuna ki-vi, hakuna upatanisho wa aina yoyote.

Viungo viwili vya kuanza navyo: -(으)면 ni -ki- yetu, na -고 mara nyingi ni -ka-. 비가 오면 안 가요, mvua ikinyesha siendi. 밥을 먹고 잤어요, nilikula nikalala.

Sifa nyingi ni vitenzi pia. Sisi tunavyo vichache vya namna hiyo, kupendeza na kunoga: 예뻐요, inapendeza, 맛있어요, imenoga. Na 매워요 ni inawasha, neno utakalolihitaji mezani mapema kuliko unavyofikiri.

있어요 na 없어요 zinabeba kuwepo na kuwa na kwa pamoja, kama na yetu katika «kuna maji» na «nina maji». Dukani unauliza 물 있어요?, maji yapo? Unajibiwa 없어요, hakuna.

Hatua ya 6: 주세요, yaani kauli ya kutendea

주다 ni kutoa, kupa. 물 주세요, nipe maji. Ukiibandika nyuma ya kitenzi kingine, inakuwa ile -ia au -ea tunayoita kauli ya kutendea:

써 주세요, niandikie.
열어 주세요, nifungulie.
사 주세요, ninunulie.
깎아 주세요, nipunguzie.

Chukua vitenzi kumi unavyovijua, uvipitishe hapa kimoja kimoja kwa sauti. Vitabu huchelewesha somo hili. Mimi ningelifundisha wiki ya tatu, kwa sababu mgeni maisha yake ni kuomba. Hiyo ya mwisho inafaa sokoni. Kwenye maduka makubwa yenye bei zilizobandikwa, usijisumbue.

Hatua ya 7: Namba, na mtego wa saa

Kiswahili kina namba za Kibantu (moja, mbili, tatu) na za Kiarabu (sita, saba, tisa, ishirini), lakini tulizichanganya zikawa safu moja. Wakorea wanazo safu mbili, ya asili na ya Kichina, na hawakuzichanganya. 하나, 둘, 셋 ni za kuhesabu vitu, umri na saa. 일, 이, 삼 ni za pesa, dakika, tarehe na namba za simu. Kwenye pesa, elfu kumi ina jina lake, 만, kama laki ilivyo na jina kwetu: won 25,000 ni 이만 오천 원.

Kila kitu kinahesabiwa na neno lake: 책 네 권, vitabu vinne, 고양이 한 마리, paka mmoja, 커피 두 잔, vikombe viwili vya kahawa, 할머니 두 분, bibi wawili kwa heshima. Ni kama ngeli zilizohamia kwenye namba. Maneno kumi yanatosha kwa mwaka wa kwanza: 개 (vitu), 명 (watu), 분 (watu kwa heshima), 마리 (wanyama), 권 (vitabu), 잔 (vikombe), 병 (chupa), 장 (karatasi), 대 (magari na mashine), 살 (miaka ya umri). Ukisahau, sema 개 kwa vitu. Usiseme 개 kwa watu, maana 개 ni mbwa pia.

Sasa mtego. Saa mbili asubuhi si 두 시. Ni 여덟 시. Niliwahi kumwambia mwanamke mmoja wa Kikorea aliyekuwa Dar es Salaam tuonane 두 시에, nikiwa na saa mbili asubuhi kichwani. Nilikaa kibarazani nikinywa chai ya tatu. Yeye alifika saa nane mchana, kwa wakati kabisa, na hakuelewa kwa nini nimenuna.

Lakini upande wa pili kuna zawadi. Seoul iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, na saa ya Kiswahili nayo imetofautiana na ya kizungu kwa saa sita. Kwa hiyo tukisema saa mbili asubuhi huku, saa ya ukutani Seoul inasoma 두 시, ya mchana. Saa sita yetu ya mchana ni 여섯 시 yao ya jioni. Kama unapanga kumpigia mtu wa Seoul kutoka Dodoma au Nairobi, namba ni ileile.

Hatua ya 8: Msamiati kwa mizizi

Usikariri maneno mia yasiyojuana. Katika Kiswahili kitabu, katibu na maktaba ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Maneno ya Kikorea yenye asili ya Kichina yanafanya hivyo kila mahali. 학 ni kujifunza: 학교 shule, 학생 mwanafunzi, 대학 chuo kikuu, 수학 hisabati, 방학 likizo ya shule. Fungua ukurasa wa daftari kwa kila mzizi, na kila ukikutana na ndugu mpya mwandike hapo.

Maneno ya kukopa yatakupa mamia ya bure: 버스, 택시, 컴퓨터, 커피. Wao, kama sisi, huongezea irabu neno la mgeni mpaka likae sawa. Na 빵, mkate, lilitoka kwa Wareno kupitia Japani. Wareno walewale waliotuachia meza na bendera.

Ukichoka na orodha, fuatilia kitenzi 먹다. Wakorea wanakula mambo kama sisi. 나이를 먹다, kula umri, ni kuzeeka; sisi mzee wetu amekula chumvi nyingi. 뇌물을 먹다 ni kula rushwa, bila kubadilisha hata kijiko. 겁을 먹다, kula hofu, ni kuogopa, na 욕을 먹다, kula matusi, ni kutukanwa. Hizo mbili hatuna, lakini ukizisikia mara moja huzisahau.

Hatua ya 9: Jipime, halafu tafuta mtu

Mtihani rasmi ni TOPIK. Wa ngazi ya chini, TOPIK I, una kusikiliza na kusoma tu: maswali 70 kwa dakika 100, alama 200. Ukipata 80 una daraja la 1, ukipata 140 una la 2. Madaraja ya 3 hadi 6 ni ya TOPIK II. Cheti kinadumu miaka miwili, kwa hiyo usikimbilie kuufanya kama huna matumizi nacho. Pakua mitihani iliyopita, weka saa mezani, ujisahihishe mwenyewe. Taasisi ya King Sejong, ya serikali ya Korea Kusini, ina masomo ya bure mtandaoni.

Mtu wa kuzungumza naye si adimu kama unavyodhani. Hankuk University of Foreign Studies, chuo kilichoko Seoul, kinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wake wanahitaji masikio yako kama unavyohitaji yao. Kubalianeni nusu saa kwa nusu saa, na saa ikigonga lugha inabadilika hata kama hadithi haijaisha. Mtumie ujumbe mmoja kwa siku, mistari mitatu: umekula nini, umekwenda wapi, kesho utafanya nini. Mwishoni andika kila mara 고쳐 주세요, nirekebishie.